Vidole Viwili

Geti lilifika Nzuguni limelala juu ya guta,
wanaume watano wakilisindikiza kama mgonjwa.
Nililinunua Hombolo, kwenye ghala la zabibu lililofungwa:
chuma cha zamani, kizito,
na katikati kichala cha zabibu za bati,
punje tisa. Ya kumi ilidondoka njiani, hatukurudi.

Nikamwambia fundi Chilongani: litundike hapa.
Hapa, ukutani. Alama ya chaki nimeshaweka.
Akatua begi. Drili hakuitoa.
Akagonga tofali kwa fundo la kidole,
akatega sikio,
akagonga la pili, la tatu,
taratibu, kama anayenunua chungu mnadani.
Hili likasema ngo.
Hili likasema pu.
"Tanuru hili alichoma nani?"

Baba, nikasema.
Mwaka ule mvua zilipokata Februari
na uwele ukaungua ukiwa usawa wa goti,
alifyatua tofali elfu nne kwa kalibu moja,
akalala nje siku tatu akilisha moto.
Kuni za upande wa mashariki zilikuwa mbichi.
Ndiyo maana upande huo
umebaki na rangi ya uji wa ulezi.

"Sidharau," akasema fundi.
"Ila tofali ni mtu wa kutwikwa.
Mtwike kichwani, atakaa miaka.
Mvute ubavuni
atakuachia, na kipande cha nyama yake juu."

Akanipeleka kwa jirani yangu Sechelela, nikaone.
Geti lake limelala kifudifudi kwenye vumbi.
Boliti bado imeling'ang'ania tofali;
tofali ndilo halina tena ukuta.

Basi tukachimba.
Futi moja ya udongo mwekundu,
futi mbili za changarawe ngumu, sururu ikitoa cheche,
mwanawe Nyemo akitema mate viganjani na kulaani kwa Kigogo
nikijifanya sisikii.
Tukasimamisha bomba la inchi nne,
ndani yake nondo, ndani na chini yake zege.
Timazi ikakataa kutulia.
Upepo wa Julai hautaki kitu kinyooke Dodoma.
Nilivua kanga ya juu, nikaikingia,
mpaka uzi ukasimama.

Siku saba hakuruhusu liguswe.
Kila asubuhi nililimwagilia zege
maji niliyooshea mboga,
maana ya bomba hutoka Jumanne, yakipenda.
Wanafunzi wangu wakapita uzioni:
"Mwalimu, hicho chuma kitazaa nini?"
Zabibu, nikawajibu. Wakaamini wawili.

Siku ya nane: bawaba tatu, si mbili,
grisi, jiwe la kukalishia geti,
na ule mwanga wa kuchomelea
uliotugeuza sote nyuso kutazama barabara.
Kisha akasema, toa jiwe.
Nyemo akalitoa.
Geti likashuka upana wa unywele,
likafikiri,
likakaa.
Chilongani akalisukuma kwa kidole cha mwisho, kile kidogo,
likaenda lote, kimya, mpaka kwenye komeo.

Kati ya nguzo na ukuta ameacha nafasi,
vidole viwili.
Nikamwuliza lini ataiziba.
"Usiizibe. Geti litatetemeka. Litetemeke na mwenzake."

Usiku upepo unaposhuka
chuma kinagongana na chuma, nguzo inapokea.
Nalala nikihesabu.
Mjusi ameshahamia kwenye ule mwanya.

Jana, nikifagia vumbi la saruji,
nimeona kitu kwenye tofali la tano kutoka chini:
alama ya mkono, uliolishika likiwa bado bichi.
Vidole vinne. Dole gumba halikutokea.
Juu yake chaki yangu, msalaba mweupe,
mwandiko wa ubaoni:
toboa hapa.