Pa Kuvujia

Jumamosi dadangu Nyevu hurudi Mikindani
na bwawa kwenye kucha.
Udongo mwekundu wa bara ya Kwale
hautoki kwa sabuni ya mche;
hutoka kwa mswaki mkuukuu, na kwa subira.

Mimi nauza maji. Mkokoteni, mitungi kumi na minane,
bei hupanda mifereji inapokohoa upepo.
Kisiwa kizima kimezingirwa na maji
yasiyofaa hata kutia chai.
Basi kila wiki namuuliza: lini?
Naye hunijibu kwa vyombo vya jikoni.

"Bwawa la uzito," asema, akikiketisha kinu mlangoni,
"ni Bi Mize wa Kuze, siku walipokuja madalali wa nyumba.
Hakugombana. Alikaa.
Zege juu ya zege, kitako kipana, kichwa chembamba,
maji yasukume mpaka yajione wajinga."

Tao ni jambo jengine.
Hulipa maji mgongo uliopinda,
mzigo ukahamia mabega mawili ya magenge.
Pasipo magenge magumu, tao ni kigae tu.
Na lile la mihimili, ukuta mwepesi
ulioegemezwa kwa nyuma
kama bwana harusi mwenye usingizi kati ya wapambe.

"Na lenu?"
"Letu ni la udongo,"
kwa sauti ya mtu anayemtaja kitindamimba wake.

Kwanza mto huombwa upishe.
Huchimbiwa njia ya kando, nao hukubali,
ukinung'unika, miezi ishirini.
Kisha mwamba hupigwa sindano za saruji
mpaka nyufa zake zishibe.
Kisha moyo: udongo wa mfinyanzi, si mkavu, si majimaji.
Nyevu huuviringisha kiganjani uwe kama utambi;
ukikatika mapema, umekauka,
ukikataa kukatika, lori lirudi.
Amerudisha malori. Madereva wamempa jina
nisiloweza kuliandika hapa.
Shibiri moja ya udongo, rola la kwato, mara nane.
Shibiri nyengine. Rola. Mara nane.
Na nyuma ya moyo, ukanda wa mchanga safi.

"Mchanga wa nini?"
"Wa kuvujia."

Nilicheka. Sisi tumelelewa na usipoziba ufa;
Mama alitutupia kila paa lilipodondoka tone.
Nyevu hakucheka. Bwawa lisilovuja, alisema, halipo.
Lipo lililofundishwa pa kuvujia,
na lipo linalodanganya.
Maji yakitoka safi, andika kiasi chake, ulale.
Yakitoka na rangi ya udongo, amsha kijiji.

Nyuma ya karatasi ya vipimo alikuwa ameandika:

    Ukuta usiovuja, siku moja hupasuka,
    Maji hujua kungoja, na hayajui kuchoka,
    Weka tundu japo moja, tone kwa tone kushuka,
    Nisemayo si kioja, mjenzi ameyashika.

Sasa niseme nililokuja kusema.
Mama tulimzika mwezi wa Machi.
Hanga lote Nyevu alihesabu masufuria,
alilipa turubai,
aliwapimia wageni maji kwa kikombe.
Jicho kavu. Watu wakamsifu: huyu ni mwamba.
Mimi nilimwona anavyomeza.

Jumamosi iliyopita mfereji ulirudi ghafla, saa nane usiku,
ukaipiga ndoo tupu
kwa kelele ile ile ya Mama akiamsha nyumba.
Nikatoka na mitungi.
Nyevu alikuwa ameshachutama pale,
kucha bado nyekundu,
uso wake unavuja.

Sikumfuta. Niliwasha taa ya simu, nikatazama rangi.
Safi.
Nikakinga mtungi wa kwanza, wa pili, wa tatu,
nikamwachia ndoo,
nikaenda kulala.