Kafa Nani?

Imamu katoa salamu; mimi nshavaa raba mlangoni.
Kanzu naikunja, naiacha kwa Mafunda wa mikate,
nashika njia ya Limbani, ile ya udongo mwekundu
inayopanda kwa hasira.

Huku kwetu mtu mzima hakimbii bure.
Akikimbia, kuna moto, au mtu kaanguka mkarafuuni.
Ndiyo maana siku ya kwanza Shaame alitupa ufagio,
akanifuata, kandambili mkononi,
kimya, mpaka kwenye mgongo wa kilima,
ndipo akauliza, pumzi zikimkatika:
"Kafa nani?"

Hajafa mtu, Shaame. Nafanya mazoezi.

Akanitazama. Kisha akatazama chini: mabati ya Wete
yakianza kung'aa moja moja, halafu mikoko, halafu maji.
"Kumbe kunaonekana," akasema. Miaka hamsini
kapita hapa na gunia kichwani,
macho kwenye vidole vya miguu.

Siku hizi hunitangulia. Hakimbii; ananingoja juu,
anacheka ninavyohema.

Saa moja na nusu nimeshakaa: Vizazi na Vifo,
dirisha la pili, matope yakikauka kisiginoni,
moyo bado unapanda,
mwandiko wa jina la kwanza daima una mtetemeko.

Leo kaingia kijana anatweta, shati kalivaa kinyume.
Nikanyanyua kalamu. Sikuuliza lile la Shaame.
"Mtoto gani?"
"Wa kike," akasema, akameza mate,
"na mwenzake."