Daftari la Viwavi

Lifti yetu haipandi bila sarafu,
na Tornike mwanangu hupanda ngazi.
Ghorofa tisa. Namsikia kabla sijamwona:
ya nne anapumzika,
ya sita anapiga mluzi,
ya nane ananyata, pale kwa Bi Eteri mwenye mbwa.
Akiingia, mfuko wa suruali unachekacheka
kwa tetri alizoinyima lifti.
"Unaweka akiba ya nini?"
"Ya lenzi."
Wala hakuongeza.

Jioni anashuka tena. Nyuma ya magereji
kuna mforosadi ambao hakuna aliyeupanda.
Wanaume wa dhumna wanamwachia njia
bila kuinua macho.
Anachuma majani machanga, moja moja,
analifuta kila jani kwa pindo la fulana
(fulana ninayoifua mimi),
kwa maana jani lenye maji, anasema,
litawaharisha.

Viwavi wa hariri arobaini na mmoja
wamo kwenye boksi la viatu vyangu vya kazini,
barazani, kati ya mitungi ya achari na kamba ya nguo.
Amewapa majina ya makipa.
Usiku, nikiwa siendi zamu, nawasikia wakila:
kama mtu chumba cha pili
anayekunja barua, anaikunjua, anaikunja.

Dada yangu wa Kutaisi ananiuliza kwenye simu:
Hachezi mieleka? Hapigi hata piano?
Mtoto wa kiume, Manana, na wadudu!
Namwambia anapiga mpira ukutani,
mara mia bila kukosa;
akikosa ya tisini na tisa, anarudi moja.
Namwambia amefungua rimoti akaifunga tena,
na sasa kitufe cha sauti kinabadilisha chaneli.
Simwambii kuwa hupenda kulala kifudifudi sakafuni
akitazama mwanga unavyosogea chini ya mlango,
kwa sababu hilo sijui linaitwaje.

Mimi ni muuguzi wa usiku.
Nahesabu matone ya dripu za watu,
naandika: amelala, ameamka, amekataa uji.
Narudi asubuhi nikiwa na macho ya kuazima,
na mtoto ninayemwona
ni mgongo wenye begi la shule ukiteremka ngazi.
Kumtazama kwangu ni kwa vipande,
kama anayesoma gazeti lililofungiwa samaki.

Alhamisi alisahau daftari mezani.
Nilifungua. Nani asingefungua?
Mistari kwa rula, saa, tarehe,
hati iliyoinama kama anayepanda kilima:

*Wamekula majani sitini.*
*Kipa wa tatu hali. Kichwa kimevimba. Usimguse.*
*Wakiacha kula wanataka kujivua ngozi.*
Na chini yake, kwa wino uleule:
*Mama amerudi saa mbili kasoro. Hakuvua koti.*
*Mama amelala kitini. Nimezima redio.*
*Mama hakula jana. Leo pia.*
*Usimguse. Subiri.*

Nilikaa.
Koti, kweli, lilikuwa bado mwilini.
Wakubwa walituambia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo,
hawakutaja boksi la viatu,
wala nani yumo ndani, nani amelishika.

Nikalirudisha daftari palepale,
pembe yake ikigusa kikombe kama alivyoliacha.
Mchana alipotoka shule nilimsubiri macho,
nikasikia ya nne, nikasikia mluzi,
nikasikia ya nane akinyata.
Nikatoa sufuria ya maharage kwenye friji,
baridi hivyohivyo, na kipande cha mkate wa juzi,
nikala nimesimama, mlango wazi,
nikigongagonga kijiko kwenye sahani
kuliko adabu inavyoruhusu.

Alipita na majani yake mkononi.
Akanitazama, mara moja, kama anayesoma kipimajoto.
Akaenda barazani.
Nikasikia kalamu ikitafutwa.