Mkate wa Kibiriti

Mkate wangu wa mofa
una jina, una sifa;
tangu bibi hajakufa
waliwa huku Langoni.

Siku moja wakaita
mkutano; nikapita
mikono sijatakata,
unga ungali kuchani.

Bwana wa shati nadhifu
akasema: “Msihofu,
bomba la moshi ni refu,
utakwenda mawinguni.

“Ni makaa, ila mawe;
umeme msambaziwe,
vijana waajiriwe,
Lamu iwe duniani.”

Nikamuuliza: “Jivu?”
Akakohoa kikavu.
“Mama, acha ushupavu,
nawe wachoma jikoni.”

Watu wakacheka sana.
Nami nikacheka, bwana,
kwani kweli, si kukana:
nina moshi kifuani.

Lali naye, mwana wangu,
kajiandikisha tangu
juzi. Ndiye nguzo yangu;
hana kazi, yu nyumbani.

Bwana alileta jiwe
la mfano, tuelewe;
nikaomba nipatiwe,
nikalitia kapuni.

Jeusi, lameremeta
kama nywele za mafuta;
kukicha nikalileta
chini kabisa mofani.

Likakataa kushika.
Liliposhika, lawaka
jua hata likafika
utosini, lina kani.

Silinyimi haki yake:
moto hauna mwenzake.
Ila moshi, utapike,
ni kibiriti puani.

Mwana wa Bi Mwanamisi
akarudi kwa wepesi:
“Bibi asema: risasi
imepigwa mkateni?”

Mmoja nikauweka
kitambaani; wanuka
hadi leo; kila paka
hupita mbio uani.

Jivu la jiwe, natia
pale langu huingia,
pale linapotulia,
shinani pa mrehani.

Siku nne. Jani moja
likajikunja. Nangoja.
Kisha majani ya koja
yaanguka sakafuni.

“Huenda ni jua,” Lali
kasema; sikukubali,
wala sikukana. Mbali
akatazama, barani.

Lile la ngumi ya mwana
limefanya hayo jana;
wao waja na shehena
za meli, hesabu gani?

Wanarudi Jumatano.
Sitasema; sina neno.
Nitashika kwa mikono
chungu changu cha rihani,

nikitue mbele yake,
aone, kisha acheke,
na mkate apeleke
kwa mkewe, nyumbani.