Rudia Kidogo, Bibi

Walikuja Chavakali na taa tatu,
wakaniomba niishi kama kawaida.
Kawaida! Na waya umepita chini ya leso,
na kijana kanyoosha mti juu ya kichwa changu
kama anayeangua maparachichi.

Nikachuja chai. "Rudia kidogo, bibi."
Nikachuja tena.
Ya tatu ilikuwa maji matupu,
lakini mvuke, walisema, umetoka vizuri.

Walitaka niitazame picha ya Kidiavai, ninyamaze.
Nikawaambia huyo alikoroma miaka arobaini,
na amekufa na deni langu la shilingi mia mbili.
Tulicheka mpaka kamera ikatikisika.
Kicheko hicho wamekikata.
Wamekata na mimi nikilowesha kidole kwa mate
nikihesabu pesa za kikundi.

Jumamosi, kanisani kwa Marafiki, wakatundika shuka.
Mimi huyo, mkubwa kuliko mlango,
na zeze linanililia nami ni mzima.
Nikanuna.

Halafu ikaja njia ya kisimani.
Kumbe walinifuata nyuma, kimyakimya.
Miaka sabini na tisa sijauona mgongo wangu.
Bega la kushoto limeshuka,
kisigino kinaburura,
mkono kiunoni, kiganja kimegeukia nje
kama anayeomba kitu kwa walio nyuma.

Nikamjua.
Nikasimama gizani, nikaita, "Mama!"
Wajukuu wakanivuta leso, wakidhani akili imeruka.

Mwambieni yule kijana wa kamera:
hapo.
Hapo arudie kidogo.