Pembe ya Kijiti

Saa nane za usiku ndipo meza inapotulia.
Kabla ya hapo malori ya Makupa
yanapita na shehena za bandarini, na kila tairi
linajiandika kwenye kioo changu.

Tone moja la maji. Ndani yake vijiti vya dhahabu:
ukivipanga kichwa kwa mkia,
elfu moja ndio upana wa unywele.
Nimeuziba mwanga wa katikati, unapenya pembeni tu;
uga wote giza, na kila kijiti
nukta nyekundu, inawaka, inafifia, inawaka.

Umbo silioni. Hakuna lenzi ya kunionyesha umbo.
Naona kugeuka:
kikilala sambamba na kichujio, king'aavu;
kikikingama, hakipo.
Fremu mia kwa sekunde, nami naandika
nyuzi kumi na mbili, arubaini, themanini na moja,
tena tatu.
Maji yanakisukuma huku na huku
wala hayana nia.

Mama alikuja siku moja hapa Tudor
na mkate wa mofa ndani ya kitambaa.
Akaweka jicho, akalitoa, akalirudisha.
"Chateza," akasema. "Pekeye?"
"Pekeye."
"Maskini."

Kipini cha pua yake alikifua baba,
Twalib, sonara wa Kibokoni,
mwaka wa mwisho aliolala nyumbani.
Stima ikipotea tulibaki na koroboi moja pembeni,
nami, mtoto mkekani, nilimjua mama kwa kipini:
kikimeta, ananitazama;
kikizima, amegeukia mlango.
Kilizima mara nyingi.

Kijiti nacho kina siri moja hakitoi.
Kigeuze nusu duara, mwanga ni uleule.
Kichwa na mkia havitengani,
kuelekea na kupa mgongo ni namba moja.
Kwenye jedwali naiandika pembe
na ubavuni mwake, kwa haki, alama ya kuuliza.

Ndiyo maana sijui hata leo,
na yeye hajaulizwa,
kama usiku ule mama alikuwa anamngoja mtu
au anahakikisha komeo.

Saa kumi kasorobo. Lori la kwanza.
Nukta zote zinaruka kwa pamoja.
Naifuta dakika hiyo.