Faili la Imrich

Ijumaa saa nne, theluji bado kuanza,
Bozena Hrinko anafunga bahasha:
dola arobaini, noti ndogondogo,
kwa kuwa Imrich haamini noti kubwa.
Jina analiandika kwa penseli nyekundu.
Miaka kumi na tisa sasa, kila Ijumaa, nyekundu.

Mzee Ondrej alimimina chuma kule kiwandani
mpaka kiwanda chenyewe kikamiminika.
Akaja hapa Mtaa wa Tanuri, kofia mkononi:
"Mwanangu hajui hesabu.
Ila njiwa. Njiwa anawahesabu."
Akatia sahihi, wakagonga muhuri,
na nyumba ya akiba ikawa mlezi.

Sasa nyumba ya akiba inaolewa.
Gazeti ndilo lililosema hivyo, ndoa.
Bozena kausoma mkataba, kurasa mia mbili na sita,
hakuona mahari;
kaona mdomo, na tonge.

Akiba za watu, asema wakili wa Pittsburgh,
zitavuka usiku wa manane kama maji bombani:
asubuhi fungua, dola zako hizo,
nembo tu imegeuka.
Lakini udhamini si maji.
Udhamini ni ruhusa, ruhusa ina jina,
na jina ndilo linalozikwa usiku huo.
Huyu mmezaji hana kibali cha kulea.
Anacho cha kukopesha magari.

"Tutakiomba," asema. "Au mafaili
tuyakabidhi kwa kampuni ya Delaware."
Delaware! Imrich hata mto hajavuka.

Bozena ananyoosha mkono, kama shuleni:
Toka saa sita usiku mpaka kibali kifike,
huyu mtoto ni wa nani?
(Mtoto ana miaka hamsini na moja.)
Wakili anatazama saa yake.
"Swali zuri," anasema, na kufunga mkoba.

Mamlaka huombwa, hutolewa, huhamishwa,
hujazwa kwenye fomu, nakala tatu.
Ile kofia mkononi
haimo katika nakala hata moja.
Ataihamisha nani?
Na penseli nyekundu,
iingie safu ipi ya mizania?

Machi. Kibali kilifika, au hakikufika;
Bozena hakuambiwa, amekwisha staafishwa.
Anapanda ngazi za nje, nyuma ya kanisa la Mtakatifu Kirilo,
mfuko wa mahindi begani, goti likilalama.
Cheki zinakuja kweli. Haki yake kila senti,
jina limechapwa kwa wino mweusi, halina kosa.
Imrich hajafungua hata moja.
Amezikunja nne, kazisukuma
chini ya mguu wa tundu uliokuwa ukipwaya.

"Halitikisiki sasa," anasema.
Bozena anapima kwa kiganja. Kweli, halitikisiki.

Kisha wanahesabu, yeye asiye na mamlaka yoyote
na yeye asiyejua hesabu.
Ishirini na saba, asema Imrich.
Bozena kapata ishirini na sita.
Wanaanza upya.